Pamba Kwenye Difu

Maneno yalianzia mezani kwa Mwanaidi, pale anapokaangia samaki chini ya mteremko wa kuingia Mikindani, na kabla ya adhuhuri yalikwisha kufika msikitini, kisimani na kwa muuza mkaa. Asadi wa Rajabu anaendesha lori akiwa amelewa uraka wa mabibo. Waliosema walikuwa na ushahidi wao. Lori lilikuwa linashuka, akakanyaga breki, kichwa kikaja huku, mkia ukaenda kule, kama mtu anayetoka kilabuni. Ubavu wa bodi ukaigusa meza, na changu waliokwisha kuiva wakalala mchangani. Hakuumia mtu. Lakini Mwanaidi aliwaokota samaki wake mmoja mmoja huku akisema, na kila aliyesimama kumsaidia kuokota aliondoka na maneno.

Mwasiti, mama yake Asadi, yalimkuta akipepeta mchele wa Jumamosi. Ungo ukasimama mkononi.

"Nani kasema?"

"Nani hajasema?" alijibu aliyeyaleta, akajifunga khanga vizuri na kwenda zake.

Mwasiti aliyafukuza yale maneno kama anavyofukuza kuku barazani, na kama kuku, yakarudi. Ulikuwa msimu wa mabibo, uraka ukiuzwa kila kichochoro. Tena Asadi alikwenda peke yake kupakia chumvi kwenye mashamba ya kule karibu na mdomo wa Ruvuma, ambako mama hana macho. Na hiyo Jumamosi yenyewe! Mtoto wa kiume wa binti yake Husna alikuwa anatoka jandoni Mpapura pamoja na wenzake, na lori lao ndilo lingebeba kina mama na watoto kwenda kuwapokea. Wangesimama nyuma, wapige vigelegele, warudi wakiteremka mteremko uleule, breki ile ile, na mkono wa mwanawe.

Akapepeta tena. Mchele ukamwagika.

Mzee Rajabu, mumewe, hakuwa mtu wa kungoja. Alikuwa fundi kalafati tangu ujana wake. Mashua za Mikindani zilizokuwa zikivuja zilipita mkononi mwake, akazisokomeza pamba kwenye nyufa na kuzipaka mafuta meusi ya maganda ya korosho mpaka zikakauka tumboni kama kabati. Hata alipouza vifaa vyake na kununua lori, aliendelea kuliita chombo. "Chombo kimerudi?" ndivyo alivyouliza kila jioni.

Siku ile alimngoja Asadi barazani, wanaume wenzake wakiwa wamejaa mkekani baada ya swala ya alasiri. Kijana aliposhuka na kusema shikamoo, haikuitikiwa.

"Umemwaga samaki wa watu."

"Baba, breki ya nyuma kushoto haishiki. Nilikwambia tangu wiki iliyopita. Nikikanyaga, gurudumu la kulia linashika peke yake, mkia unanitupa."

"Breki haishiki, au mkono haushiki?"

Wanaume wakacheka. Mmoja akasema ya vijana wa siku hizi, mwingine akaguna. Asadi alisimama pale na chumvi kavu kwenye suruali, akiwa mtu mzima mwenye ndevu, akazungusha ufunguo kwenye kidole asijue pa kuutia.

"Kamalize chumvi ya watu," akasema baba yake. "Lakini Jumamosi hunibebei watu. Nimeshaongea na dereva mmoja wa Shangani. Ufunguo utampa yeye."

"Baba, huyo dereva hajui kama breki..."

"Nimemaliza."

Mwasiti aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia la mlangoni. Alimwonea mwanawe uchungu, na hapo hapo, Mungu amsamehe, akajisemea moyoni: na ikiwa ni kweli?

*

Usiku ule alimpakulia ugali wa muhogo na kisamvu, akaja kukaa karibu naye kuliko ilivyo desturi yake. Akajifanya anamtoa unyuzi begani. Akajifanya anaangalia kidonda cha sikioni ambacho hakikuwepo. Mara ya tatu Asadi akaweka tonge chini.

"Mama, unaninusa?"

"Nikunuse kwa nini? Wewe ua?"

"Haya." Akamgeukia, akafungua mdomo wazi kama mtoto aliyepelekwa zahanati. "Haaa. Umepata nini?"

"Kisamvu," akasema Mwasiti, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Asadi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akanawa kabla hajashiba. Mama mtu alibaki na sahani. Alikuwa amepata kisamvu, na chumvi, na kitu kingine ambacho hakukijua, harufu ya kuungua iliyotoka kwenye shati wala si kinywani. Lakini maneno hayakumtoka. Si walisema walevi wanatafuna iliki? Si walisema uraka mchanga hauna harufu? Akalala nayo hayo, akaamka nayo.

Alfajiri, Asadi alipokuwa anapasha injini moto, aliona mlango wa pili unafunguliwa na mama yake anapanda, kikapu mkononi, baibui kajifunga kama anayesafiri kwenda Masasi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Unakokwenda wewe."

*

Siku nzima hakumtoa machoni. Alimwona akinywa maji, akamwomba naye anywe katika chupa ile ile. Alimwona akisalimia watu wa uraka barabarani bila kusimama. Mmoja wao alipomwita, "Asadi, pita basi!", kijana aliinua mkono tu na kusema, "Niko na polisi leo," akimwonyesha mama yake kwa kidevu. Mwasiti akacheka asipende. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo kifua chake kilivyolegea. Mwanawe hakuwa mlevi. Mwanawe alikuwa dereva, tena mwangalifu, asiyepita shimo bila kulijua jina.

Kufika kwenye mashamba ya chumvi lazima ukate mkondo ambao maji yake yanapwa na kujaa. Asadi hakuweza kungoja, maji yalikuwa yanaanza kurudi. Akaliingiza lori moja kwa moja kutoka barabarani, likiwa bado na joto lake lote. Maji ya chumvi yakapanda juu ya magurudumu ya nyuma, na Mwasiti akasikia chini yake sauti kama ya chuma cha mhunzi kinapotiwa majini: chwiiii.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Linapoa tu, mama. Kila siku ndivyo."

Walipakia magunia machache, wakarudi. Hapo ndipo ile harufu ya kwenye shati ilipomjia tena, safari hii kali, kama sufuria ya mafuta iliyosahauliwa jikoni. Akatoa kichwa dirishani. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa jeusi, linang'aa, na vumbi limelishika kama unga unavyoshika samaki kabla ya kukaangwa.

"Asadi, lile gurudumu limelowa."

"Oili. Inavuja. Ndiyo ninayomwambia baba."

Kabla ya Naliendele kuna kijiteremko. Si kitu, hata baiskeli inateremka bila mwenyewe kushika breki. Asadi akapunguza gia, akashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Shika hapo mama."

Akakanyaga. Mwasiti alihisi makalio yake yanakwenda kushoto na kichwa chake kinabaki. Mkia wa lori ulitupwa upande, ukarudi, ukatupwa tena, mbuzi waliokuwa ukingoni wakatawanyika. Mikono ya mwanawe haikutetemeka. Alilibembeleza lile dude mpaka likasimama likiwa limekaa mshazari barabarani, akafuta jasho na kumtazama mama yake.

"Unaona?"

Aliona. Aliona pia Jumamosi. Aliona khanga zote za ukoo zimesimama nyuma, Husna na ngoma yake, na dereva wa Shangani asiyejua chochote anakanyaga breki juu ya meza ya Mwanaidi.

"Twende kwa fundi. Sasa hivi."

"Baba amesema chumvi ya watu kwanza."

"Baba yako ninamjua mimi. Endesha."

*

Gereji ya Filipo iko njiani palepale Naliendele. Filipo ni Mmakonde mwenye sauti ya kuita watu mazikoni, na kwa watu wa Mikindani ni mtani wao, kwa hiyo hana adabu na hadaiwi. Alitia jeki, akafungua gurudumu, akavuta dramu, lile bakuli la chuma la breki, na oili ikamwagika miguuni pake.

"Eeeh! Hapa mnafunga breki au mnakaanga maandazi?" Akazigusa brekshu, zile pedi zinazolibana dramu, zikateleza chini ya kidole kama sabuni. "Dereva, Mungu wako yuko karibu. Hii haiwezi kushika hata toroli."

"Si nilisema?" Asadi hakupaza sauti. Alimwambia mama yake, wala si fundi. Mwasiti akamshika mkono, akaubana.

"Sili zimesukumwa," akaendelea Filipo, akionyesha kile kimpira cha duara kinachozuia oili isitoke kwenye ekseli kwenda kwenye breki. "Kitu kimezisukuma kutoka ndani. Kwa nini?" Akaingia chini ya lori kwa mgongo, tochi ya simu mdomoni, mkono ukipapasa juu ya difu, lile tumbo la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Kisha akaanza kucheka, peke yake kule chini.

"Mama! Hamkunialika mazishi!"

"Mazishi ya nani?"

"Ya lori. Limeshakafiniwa. Limetiwa pamba puani!"

Akaomba koleo. Akavuta. Kukatoka mlio, pssss, mrefu, kama wa mtu aliyezuia pumzi tangu juzi, na oili ikamrukia usoni. Alipotoka alikuwa ameshika kizibo cheusi, kigumu, kirefu kama kidole cha mwisho. Akamtilia Mwasiti kiganjani.

Hakuhitaji kuuliza. Ilikuwa pamba iliyosokotwa mara tatu, kwenda kulia, ncha ikarudishwa ndani, halafu ikachovywa kwenye mafuta ya maganda ya korosho mpaka ikawa kama jiwe. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akifagia vipande vya pamba kama hiyo uvunguni. Akamtazama Asadi. Asadi alikuwa anatazama pembeni.

Hapo bodaboda ikasimama. Mwasiti alikuwa amempigia mumewe simu, na mumewe amekuja na hasira zake zote, kofia mkononi.

"Nani kawaambia mlete chombo hapa? Nani atalipa?"

Mwasiti alifungua kiganja tu.

Mzee Rajabu alikitazama kile kizibo kama mtu aliyekutana na mwanawe wa nje sokoni.

"Kile kidude cha juu kilikuwa kimevunjika kifuniko," akasema hatimaye, taratibu. "Oili ilikuwa inatokatoka pale. Na chombo kinaingia kwenye maji ya chumvi kila siku. Maji yangeingia. Nikaziba. Nimeziba vizuri."

"Umeziba vizuri sana, mzee," Filipo akasema. "Mashua ingefika Pemba. Sasa hili halielei. Hili linapumua."

"Chuma kipumue?"

"Mama, nisaidie kwa mume wako. Ukichemsha muhogo, ukafunika sufuria gubigubi, ukakandamiza na jiwe juu, povu linatokea wapi?"

"Pembeni," akasema Mwasiti. "Linazima moto."

"Basi. Hili difu likitembea linapata joto, hewa ya ndani inavimba. Njia yake ni pale juu, kwenye kipumulio. Ukiziba, inasukuma oili ipite pembeni, kwenye sili, inaangukia breki. Halafu kijana analiingiza majini likiwa la moto. Hewa inasinyaa ghafla, inataka kuvuta pumzi. Pua imezibwa. Inavuta wapi? Pale pale pembeni, inakunywa maji ya bahari. Subiri muone."

Akaweka beseni, akafungua nati ya chini. Oili ya difu ni nyeusi, kila mtu anajua. Iliyotoka ilikuwa nyeupe, nzito, kama tui la kwanza.

Mzee Rajabu akakaa juu ya tairi kuukuu. Hakuna aliyemcheka, hata Filipo. Alikuwa amewaambia wanaume wote wa baraza kwamba mkono wa mwanawe haushiki.

"Asadi."

"Naam, baba."

"Ulisema breki."

"Nilisema."

Mzee akatikisa kichwa. Akavaa kofia, akaivua. "Fundi," akasema, "kwani hicho kidude kipya kinapatikana?"

Kilipatikana mjini, kidogo kuliko kifuniko cha soda. Asadi alikifuata mwenyewe kwa bodaboda ileile iliyomleta baba yake, na sili mpya, na brekshu za pande zote mbili, kwa sababu Filipo alikataa kufunga upande mmoja. Dramu zikaoshwa kwa petroli. Difu likasukutuliwa na kutiwa oili safi. Lakini kile kipumulio Filipo hakukiacha pale kilipokuwa. Alifunga mahali pake neli fupi ya chuma ya kukaza kama skrubu, akaichomeka mpira mwembamba kama wa petroli, akaukaza kwa klipu, akaupandisha kwenye chasisi mpaka nyuma ya kibini cha dereva, juu kuliko maji yoyote ya mkondo. Huko mwisho ndiko alikokifunga kipumulio, kinywa kikitazama chini ili mvua isiingie.

"Mzee, wewe unaogopa maji, na una haki. Basi usilizibe pua. Linyanyulie."

Mzee Rajabu ndiye aliyeushikilia ule mpira wakati unafungwa. Alikagua kila fundo, akasema moja limelegea, na kweli lilikuwa limelegea.

Asadi akalizungusha lori barabarani, akarudi likiwa na joto. Filipo akakitumbukiza kipumulio kwenye kikombe cha maji. Wote wakainama. Mwanzo hakikutokea kitu. Halafu povu moja likapanda, likapasuka. Jingine. Jingine. Mwasiti alijikuta anapumua nalo pamoja, kama alivyokuwa akifanya Asadi alipokuwa kichanga na pumu inamsumbua.

"Tukitoe sasa," akasema Filipo, akaondoa kikombe haraka, "kabla halijapoa likayanywa."

Mzee alitoa mkono kwa mwanawe. Ndani ya mkono mlikuwa na ile pamba.

"Ufunguo wa akiba nitakuonesha ulipo, ukae nao wewe. Wa Shangani nitampigia asije." Akafumba kiganja. "Na hii nitakaa nayo mimi."

*

Jumamosi lori lilishuka mteremko wa Mikindani na ukoo mzima mgongoni. Watoto wa jandoni walikuwa wamekaa katikati, vichwa vimenyolewa, shuka mpya mabegani, na Husna alikuwa amepiga vigelegele mpaka sauti imemkauka. Mwasiti alikuwa mbele, kati ya mumewe na mwanawe. Alipoona meza ya Mwanaidi inakuja, aliacha kuimba. Akashika dashibodi.

Asadi akakanyaga.

Lori likapunguza, likapunguza, likasimama limenyooka kama rula, mbele ya sufuria ya mafuta, na hakuna khanga iliyoanguka. Mwanaidi alikuwa ameshakimbilia nyuma ya mnazi.

"Toka huko, dada!" Asadi alipiga kelele. "Leo tumekuja kununua!"

Mzee Rajabu akashuka. Palikuwa na watu wa kutosha, na wale wanaume wa barazani walikuwemo. Hakuwaita pembeni. Akatoa ile pamba mfukoni, akaiweka mezani kwa Mwanaidi, katikati ya samaki.

"Huyu ndiye mlevi wenu," akasema. "Nilimtia mimi. Kijana alisema breki, nikamwambia mkono. Samaki wa siku ile ninalipa, na wa leo ninachukua wote."

Kisha Mwanaidi akakishika kile kizibo kwa ncha za vidole, akakinusa.

"Hakinuki uraka," akasema.

Lori zima likaangua kicheko, na Mwasiti akacheka mpaka akafuta machozi, halafu akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

Wenye watoto madereva, haya ndiyo ya kuepuka:

Usizibe kipumulio cha difu kwa pamba, kwa nta, kwa sabuni wala kwa kitambaa. Kikivunjika, weka kipya.

Usiache tope na chumvi vikikaukie. Kisafishe kila unapoosha gari.

Usiliingize lori majini likiwa la moto. Ngoja lipoe, hata maji yakijaa ukachelewa.

Usiseme oili ni ya kawaida ukiiona kwenye gurudumu.

Usiendelee kutumia oili ya difu iliyogeuka kuwa nyeupe.

Usifunge breki mpya upande mmoja.

Usipakie watu kwenye gari ambalo dereva wake amesema lina kasoro, na usibadilishe dereva ukaacha kasoro.

Usimwaibishe mwanao barazani.

Usimnuse. Panda, ukae naye mbele, uone.